Kutoka Ngomeni hadi Mtaani: Presidio, Gereza na Kariokor

Wasomaji wanaoishi Eastlands, jijini Nairobi, wanaijua Kariokor kwa soko lake la viondo na viatu. Asili ya jina hilo lakini ni ya kijeshi: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichoundwa na Waingereza katika Vita vya 1914–1918, ambamo maelfu ya Waafrika walifariki, wengi wao kwa maradhi. Dar es Salaam nayo ina Kariakoo, yenye asili iyo hiyo. Huko irabu a ya kati imehifadhiwa. Nairobi imeigeuza kuwa o kwa kuvutwa na silabi ifuatayo, na katika maandishi imebakiza r ambayo Mwingereza wa London mwenyewe haitamki.

Hatima ya majina ya namna hii huonekana vizuri katika neno la Kihispania presidio. Limetokana na Kilatini praesidium, yaani ulinzi, na kwa asili yake zaidi, “kukaa mbele ya”. Wahispania waliziita hivyo ngome zao za mipakani, kama vile Melilla, waliyoiteka mwaka 1497, na San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1776. Kwa kuwa wahalifu walipelekwa katika ngome za Afrika ya Kaskazini kutumikia vifungo, neno likaja kumaanisha jela. Huko San Francisco askari waliondoka mwaka 1994. Leo Presidio ni jina la bustani.

Gereza letu limesafiri mbali zaidi. Chimbuko lake ni Kireno igreja, kanisa: i ya mwanzo imedondoka, irabu imetenganisha g na r, na konsonanti ya mwisho imekuwa z. Haitoshi, hata hivyo, kueleza sauti na kunyamaza juu ya maana. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na ngome ya Kilwa Kisiwani ingali ikiitwa Gereza. Kanisa likawa ngome. Kisha ngome zikafungiwa watu, Fort Jesus toka 1895 hadi 1958, na ile ya Lamu toka 1910 hadi 1984.

Basi kwa nini tunasema magereza, lakini Kariokor haina wingi? Kufunga watu kuliendelea chini ya kila mtawala, na kazi hiyo ilihitaji nomino ya kawaida. Kikosi cha wapagazi kilivunjwa vita vilipokwisha. Pakabaki mahali tu pa kuitwa kwa jina lake.