Je, Wajua? Jua la saa saba na ngozi iliyopigwa mionzi

Mgonjwa wa saratani kutoka Buseresere akiandikiwa mionzi, safari huwa ni ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Akimaliza dozi anaambiwa akapumzike. Likizo yake basi inaangukia kwenye jua la Kanda ya Ziwa.

Je, wajua kwamba jua la Buseresere huchelewa kufika utosini?
Saa za Tanzania zimepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, ilhali Buseresere iko karibu na nyuzi 32. Kwa hiyo jua huwa juu kabisa karibu saa saba mchana, kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Anayejificha saa sita na kutoka saa saba anatoka likiwa limekolea. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta mwembe ukae chini yake.

Je, wajua kwamba upepo wa ziwa hauzuii kuungua?
Kinachounguza ngozi ni miale ya urujuanimno, wala si joto. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mtu wa Dar hutokwa jasho zaidi, lakini wa Buseresere anaweza kuungua zaidi bila hata kuhisi.

Je, wajua kwamba ngozi nyeusi nayo huungua?
Melanini ni kinga nzuri, ila si ngao kamili. Mahali palipopigwa mionzi huweza kuwa peusi zaidi, pakakauka na kubanduka, na mara nyingi hali hiyo hufika kileleni wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, mgonjwa akiwa tayari kwake. Wataalamu hushauri pafunikwe kwa angalau mwaka mmoja, na tahadhari iendelee maisha yote, kwa kuwa hatari ya saratani ya ngozi hapo huongezeka.

Je, wajua kwamba si mwili mzima ulio hatarini?
Ni pale mionzi ilipoingia na, mara nyingine, ilipotokea upande wa pili. Aliyetibiwa mlango wa kizazi, nguo zake za kila siku zinamtosha. Wa saratani ya titi aangalie shingo ya gauni: mara nyingi mionzi hufika hadi karibu na mtulinga, na hapo ndipo jua hupiga mama anapokaa sokoni au juu ya bodaboda. Mtandio unatosha kupaziba.

Je, wajua kwamba fulana nyeupe nyepesi ni kinga hafifu?
Ikilowa ndiyo kabisa. Kabla ya kufungasha, inua nguo kuelekea dirishani: ukiona mwanga unapenya, na miale inapenya. Kitenge kizito cha rangi iliyokolea kinaishinda kanga iliyochakaa kwa kufuliwa.

Je, wajua kwamba kioo cha basi hakikukingi vya kutosha?
Huzuia miale mingi inayobabua, lakini ile inayozama ndani zaidi hupita. Ukivuka Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, furahia kilomita zake 3 ukiwa umeketi upande wenye kivuli.

Je, wajua kwamba jua hukufuata hata majini?
Nusu mita chini ya maji, miale bado ni kama asilimia 40 ya ile ya juu. Ukienda kutembea Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, vaa mikono mirefu na kofia pana hata ndani ya boti. Kuogelea kungoje hadi ngozi ipone kabisa.

Je, wajua kwamba kuna losheni ya kuzuia jua inayotengenezwa Moshi?
Inaitwa Kilisun, na ilianza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao Tanzania wanakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400. Kwa losheni yoyote, chagua yenye SPF 30 au zaidi, paka ya kutosha, rudia kila baada ya saa mbili, wala usipake juu ya kidonda. Ukitaka kujua namna ya kuishi na jua, waulize wenye ualbino: kofia na mikono mirefu kwao ni mavazi ya kila siku.

Je, wajua kwamba baadhi ya mkorogo una zebaki?
Ni zebaki ileile wachimbaji wadogo wa Geita wanayokamatia dhahabu. Doa jeusi la mionzi huwatia watu kishawishi cha kulichubua. Usithubutu: mkorogo hupunguza melanini, kinga uliyobaki nayo.

Je, wajua kwamba dawa ya duka la jirani inaweza kuliita jua?
Doxycycline huifanya ngozi iungue upesi, na baadhi ya dawa za saratani huweza kuamsha upya muwasho na wekundu palepale palipopigwa mionzi zamani. Mwambie muuza dawa kwamba ulipigwa mionzi, na wapi. Kidonda kisichopona ndani ya wiki nne hapo mahali hakingoji likizo iishe, kirudishe kliniki.