Safari ya Nairobi Mpaka New York

Kutoka Nairobi mpaka New York ni kadiri ya kilomita 11,800. Zamani msafiri alibadili ndege njiani, lakini tangu tarehe 28 Oktoba, 2018, iko ndege iendayo moja kwa moja pasipo kutua. Kwenda ni yapata saa 15, kurudi 14, kwa sababu upepo mkali wa juu sana, uvumao kutoka magharibi, huizuia ndege iendayo na kuisukuma irudiyo.

Tena, wakati wa baridi kali huko, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 8. Basi mzazi ambaye mwanawe ameondoka saa 6 usiku asiingiwe na hofu akikosa simu asubuhi. Kijana atafika huko saa 1 asubuhi, na hapa kwetu itakuwa saa 9 alasiri.