Kurudi Kwenye Baiskeli Ukubwani

Fundi baiskeli wa mtaani kwetu, Tanga, hakunipa hotuba. Alichukua spana, akashusha kiti mpaka nyayo zangu zote mbili zikakanyaga chini, kisha akafungua pedali na kuziweka kando. "Jisukume kwa miguu kwanza, mama."

Nilidhani ananitania, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Kumbe chombo kilichotangulia baiskeli za leo, alichokiunda Mjerumani Karl von Drais mwaka 1817, hakikuwa na pedali. Watu walijisukuma hivyohivyo.

Siri ni mwendo. Ukienda polepole mno, baiskeli inayumba. Ikichanganya kidogo inatulia, maana kila inapoinama unageuza usukani upande huohuo, na magurudumu yanarudi chini ya uzito wako. Woga hukaza mikono, na mikono iliyokaza haigeuzi vizuri. Basi legeza viwiko, tazama mbele, usitazame tairi. Breki ya mbele usiibane ghafla peke yake, itakurusha. Gauni refu nalo likunjwe; mnyororo hauna adabu.

Anzia uwanjani, asubuhi, kabla bodaboda hazijaanza fujo zao. Barabara kuu usiiguse mpaka uweze kugeuka kutazama nyuma bila kuyumba.