Mbwa waliookotwa: Yupi hupata nyumba, yupi huuawa

Mbwa anayeokotwa barabarani katika jimbo la California, Marekani, hatolewi siku hiyo hiyo. Kwanza huhifadhiwa siku kadhaa huku mwenyewe akitafutwa, pengine kwa chipu iliyo chini ya ngozi. Asipopatikana, mbwa mpole mwenye afya hufungwa uzazi na kupewa familia mpya.

Tatizo ni yule mwoga, au mwenye maradhi yanayotibika, ambaye wageni humpita tu. Sheria ya mwaka 1998, iliyoasisiwa na Seneta Tom Hayden, inakitaka kituo kutomuua iwapo shirika la uokoaji lisilo la kibiashara linamwomba. Lakini mashirika nayo hujaa. Asipoombwa, wala kituo kingine kisiwe na nafasi, hudungwa sindano ya mauti.