Kutunza Maji, Kuni na Takataka Nyumbani katika Taita Taveta

Nchi ya Taita Taveta ina sura mbili, lakini maisha yake ni mamoja. Juu iko milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau, na kilele cha Vuria huko Dawida chafika mita 2,208 juu ya bahari. Chini iko nyika kavu ya Voi na Maungu. Mji wa Voi wenyewe uko katika kimo cha mita 600 hivi. Milimani ukungu hutanda juu ya miti na kuilowesha hata siku isiyo na mvua. Nyikani miezi hupita watu wasione tone. Mto Voi huanzia katika milima hiyo, hupita mjini, kisha huingia katika Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952. Kwa hiyo mti ukatwao juu ni jambo la mtu akaaye chini pia.

Wazee wa Kitaita walilijua jambo hili. Walikuwa na mahali patakatifu paitwapo fighi, na miti ya hapo haikukatwa ovyo. Hata hivyo misitu imepungua sana. Wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na zile za mwaka 2004 waliona kwamba karibu nusu ya misitu ya asili ya milima ya Taita ilikuwa imetoweka, na mahali pengi pamekuwa mashamba. Misitu iliyobaki, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, ni vipande tu.

Kuyatengeneza yote haya kwahitaji sheria, wataalamu na fedha. Lakini yako mambo matatu ambayo kila mwenye nyumba aweza kuyasimamia mwenyewe, nayo ni maji, kuni na takataka. Tena faida yake ya kwanza humrudia yeye mwenyewe, mfukoni na mgongoni.

MAJI YA MVUA

Mji wa Voi hupata maji ya bomba yatokayo katika chemchemi za Mzima, huko Tsavo Magharibi. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, hupita chini ya ardhi, na kutokea Mzima ikiwa maji safi. Bomba kubwa lipelekalo maji hayo mpaka Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, lilimalizika mwaka 1957. Basi maji hayo yana wenyewe wengi, na mfereji mmoja ukikauka mitungi hupangwa safu tangu alfajiri.

Lakini kila nyumba yenye bati ina chemchemi yake juu. Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya eneo la mita moja kwa mita moja huleta lita moja ya maji. Paa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina eneo la mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu yake, yaja lita 1,200. Tuseme sehemu moja katika tano itapotea kwa kumwagika na kukauka. Hata hivyo zitabaki lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20.

Tangi la lita 5,000 laweza kujazwa na paa hilo kwa mvua ya milimita 130 hivi. Jamaa watumiao mitungi miwili kila siku kwa kunywa na kupika watakaa na tangi hilo siku 125. Hiyo ni miezi minne na zaidi, karibu sawa na kiangazi kianzacho Juni mpaka mvua za vuli zikaribiapo. Asiyeweza kununua tangi na aanze na pipa la lita 200, ambalo ni mitungi kumi asiyokwenda kuichota. Kadhalika akina mama wa chama waweza kuchanga fedha na kumnunulia tangi kila mmoja kwa zamu.

Yako mambo ya kuangaliwa. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite, kwa maana huosha vumbi na mavi ya ndege yaliyo juu ya bati. Tangi lifunikwe, na mdomo wake uwekwe wavu mwembamba ili mbu wasizae humo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Na mfereji uvujao utengenezwe upesi: tone moja kila nukuta hupoteza takriban mtungi mzima kwa siku moja. Maji yaliyooshea mboga au vyombo, ikiwa hayana sabuni nyingi, yafaa kumwagiwa migomba, mipapai au mchicha.

KUNI NA MKAA

Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa huhitaji kilo tano za kuni au zaidi, na pengine hata kumi. Kwa hiyo mtu anunuaye gunia moja la mkaa amenunua rundo kubwa la miti asiloliona. Haisemwi kwamba watu wasipike. Yasemwa kwamba moto usipotee bure.

Meko ya mafiga matatu hupeleka sehemu kubwa ya joto lake hewani. Jiko lililozungushiwa udongo, lenye mlango mdogo wa kuni, hulishika joto na kulielekeza chini ya sufuria. Jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo lilianza kuenea nchini Kenya katika miaka ya 1980, hutumia mkaa mchache kuliko lile la bati tupu. Kuni zipasuliwe ndogo na kukaushwa barabara, kwa kuwa ukuni mbichi hula moto wake mwenyewe na kujaza moshi machoni na vifuani mwa wapishi na watoto.

Maharagwe ya kimanga, na mahindi makavu, yarowekwe usiku kucha. Asubuhi yataiva kwa kuni chache. Iko pia njia ya kikapu. Maharagwe yaliyorowekwa huchemshwa kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria hufunikwa vizuri na kutiwa katika kikapu kilichojazwa matambara, majani makavu au blanketi kuukuu, na kufunikwa tena juu. Joto halina pa kutokea, na chakula huendelea kuiva saa kadhaa pasipo moto. Kabla ya kuliwa kichemshwe tena. Mama aliye shambani hana haja ya kurudi kuchochea.

Pamoja na hayo, kila boma lipande miti yake ya kuni. Nyikani mwarobaini na mukau hustahimili ukame, na matawi yaliyopunguzwa ni kuni za kutosha kwa siku nyingi. Milimani mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi.

TAKATAKA

Maganda ya ndizi, majani ya mboga na mabaki ya jikoni si taka; ni mbolea isiyokwisha kutengenezwa. Yatiwe katika shimo tabaka kwa tabaka pamoja na mavi ya mbuzi, majani makavu na majivu kidogo, yanyunyiziwe maji, na kupinduliwa kila baada ya majuma mawili au matatu. Baada ya miezi mitatu hivi yatakuwa meusi na laini kama udongo wa msituni. Asiye na shamba aweza kuyatia katika gunia na kuotesha sukuma wiki mlangoni pake.

Mifuko ya plastiki ni habari nyingine, kwani haiozi. Zamani ilining'inia katika miiba kando ya barabara ya Mombasa, na mbuzi waliila wakafa. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 mpaka milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 4. Lakini katika nchi hii ya katani dawa ilikuwapo kabla ya sheria. Vikapu vya akina mama wa Kasigau huuzwa hata ng'ambo. Havikosi kufaa sokoni Voi.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Misitu ya Taita haikuondoka kwa siku moja, bali ubandu kwa ubandu, na kuhifadhiwa kwake kutakuja kwa njia hiyo hiyo: mtungi mmoja usiomwagika, na ukuni mmoja usiotiwa motoni bila haja.