Kofia ya mwanga mwekundu haitalegeza msuko

Jioni katika baraza za Shela, Malindi, jua likishapoa, utamwona msichana ameketi kati ya magoti ya msusi, kichwa kimeinamishwa na macho yamefumbwa kwa uchungu. Nywele laini za juu ya masikio na za kwenye paji la uso zinavutwa hadi ngozi inatuna. Akilalamika, anaambiwa avumilie, amalize apendeze. Usiku atameza vidonge vya maumivu ndipo apate usingizi. Miaka kumi na mitano baadaye, akiwa mama wa watoto wawili, atajitazama kwenye kioo aone paji limepanda na pembeni kumebaki kweupe. Hapo ndipo tangazo la kofia yenye taa nyekundu linapomkuta kwenye simu yake.

Nimeulizwa na kina mama, na wanaume pia, kama kofia hizo zinaotesha nywele kweli au ni maneno ya kibiashara tu. Jibu langu ni kwamba zinasaidia, ila kwa aina moja ya upungufu wa nywele, kwa kiasi, na kwa watu ambao wengi wao hawana ngozi kama yetu. Sehemu hiyo ya mwisho haitajwi kwenye tangazo.

Mwanzo wa habari hii uko Budapest, Hungaria, mwaka 1967. Leza ilikuwa na umri wa miaka saba tu tangu ivumbuliwe. Daktari Endre Mester alitaka kujua mwanga wake unafanya nini mwilini, hasa upande wa saratani. Aliwanyoa panya migongo, kisha kundi moja akalimulika kwa leza nyekundu hafifu. Panya hawakupata saratani. Kilichomshangaza ni kuona waliomulikwa wakiota manyoya upesi kuliko wenzao. Hakuwa akitafuta dawa ya upara, lakini tangu siku hizo watafiti wamekuwa wakifuatilia kile alichokiona.

Mwanga unaotumika katika vifaa vya nywele una urefu wa wimbi wa nanomita 630 hadi 680 hivi, nao ni mwekundu unaoonekana kwa macho. Si miale ya urujuanimno, ile inayobabua ngozi na kuleta saratani. Ukipenya ngozi ya kichwa, mwanga huo hufyonzwa na kimeng'enya kiitwacho saitokromu si oksidesi, kilicho ndani ya mitokondria, vile vinu vidogo vinavyozalisha nishati ya seli. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba kimeng'enya hicho huchangamka, seli ikapata nishati zaidi, na mishipa midogo ya damu ikatanuka. Ndugu msomaji, usiseme basi jua la ufuko wa Silversands litatosha. Ni kweli jua lina mwanga mwekundu, lakini huja pamoja na ile miale inayounguza.

Kwa nini nishati ya ziada iwe na maana kwa unywele? Kichwa cha mtu kina mizizi ya nywele ipatayo 100,000, na kila mmoja una zamu yake. Unywele hukua kwa miaka miwili hadi sita, mzizi ukapumzika kama miezi mitatu, unywele ukaanguka, kisha mwingine ukaanza kuota. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Katika upara wa kurithi, homoni za kiume hufupisha ule muda wa kukua. Kila zamu mpya huleta unywele mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi ubaki malaika tu. Mwanga mwekundu unaaminika kuiamsha mizizi iliyolala na kuirefushia zamu ya kukua. Lakini lazima mzizi uwe hai ndipo uamshwe.

Ushahidi upo. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa watu 269, wanaume 128 na wanawake 141, wote wakiwa na upungufu wa kurithi. Baadhi walipewa kitana chenye leza nyekundu na wengine kitana kinachofanana nacho lakini hakina leza. Walikitumia mara tatu kwa wiki kwa wiki 26. Waliopata leza waliongeza wastani wa takriban nywele 20 katika kila sentimita moja ya mraba, ongezeko kubwa kuliko la wenzao. Nywele 20 si haba, ila kichwa kilichojaa vizuri hubeba kama 150 hadi 200 katika eneo hilohilo. Basi atakayefanikiwa ataona nywele zimejaa kidogo, lakini hatarudishiwa kichwa cha ujana wake. Tena utafiti huo, kama mingine mingi ya aina yake, ulifadhiliwa na kampuni inayotengeneza vifaa hivyo. Sisemi matokeo yalipikwa. Nasema msomaji ana haki ya kujua nani alilipa.

FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, iliruhusu kitana cha kwanza cha leza cha chapa ya HairMax kiuzwe kwa wanaume mwaka 2007, na kwa wanawake mwaka 2011. Ruhusa ya namna hiyo hutolewa kwa kifaa kinachofanana kiusalama na kiutendaji na vingine vilivyokwisha ruhusiwa, nayo ni nyepesi kuliko mtihani unaopewa dawa mpya. Na ndani ya ruhusa hiyo mna mpaka ulioandikwa waziwazi: kifaa ni cha watu wenye ngozi ya ngazi ya kwanza hadi ya nne katika mizani ya Fitzpatrick.

Hapa natuama kidogo. Mizani hiyo ilianzishwa mwaka 1975 na Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Harvard, ili kupima jinsi ngozi inavyoitikia jua. Mwanzoni ilikuwa na ngazi za watu weupe tu. Ngazi ya tano na ya sita, za ngozi ya kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, wengi wetu tumo katika ngazi hizo mbili. Maana yake, majaribio yaliyofungua soko la vifaa hivi hayakututazama sisi. Melanini, rangi inayoifanya ngozi yetu kuwa nyeusi, hufyonza mwanga kabla haujafika chini, na kiasi kinachofika mzizini kwa Mzungu si lazima kiwe sawa kwa Mgiriama. Utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulipima usalama wa taa nyekundu za LED kwenye ngozi ya mkono. Ngozi zenye rangi zilivumilia hadi jouli 320 kwa sentimita moja ya mraba, na ngozi nyeupe zikafika 480. Hivyo ni viwango vikubwa mno kuliko vya kofia ya nyumbani, kwa hiyo usiogope kuungua. Lakini vinaonyesha kwamba vipimo vya ngozi moja havihamishwi tu kwenda ngozi nyingine.

Hata kama mwanga ungetufaa sawasawa, hatari kubwa zaidi kwa wanawake wa pwani ni kutibu ugonjwa usio wao. Nywele zinazokatika mbele na pembeni kwa msichana au mama kijana mara nyingi hazihusiani na urithi. Zimeng'olewa na msuko. Rasta nzito, matuta ya kubana, nywele za kushonea, fundo la nyuma linalokazwa chini ya hijabu kila siku, yote huvuta mzizi. Nchini Afrika Kusini, ambako Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walikagua vichwa mjini Cape Town, karibu theluthi moja ya wanawake Waafrika waliochunguzwa walikuwa na upara huu wa kuvutwa. Hata wasichana wa shule walikuwa nao. Hatari ilizidi pale nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha ziliposukwa rasta au kushonewa.

Upara wa kuvutwa una sura mbili. Mwanzoni mzizi umechoka tu: utaona vipele kando ya msuko, maumivu, na nywele fupi zilizovunjika. Ukiacha kuvuta wakati huo, nywele hurudi zenyewe, bure, bila taa. Ukiendelea kwa miaka, mzizi hufa na nafasi yake huchukuliwa na kovu. Ngozi inakuwa laini na ya kung'aa, bila tundu za nywele. Kovu haliamshwi na leza, wala mafuta, wala sala ya tangazo. Nasikitika kila ninapomwona mama akichanga fedha za kofia huku kichwani amebeba rasta zilizobana, na binti yake wa miaka sita amesukwa vivyo hivyo. Mwanga wenyewe hautapita katikati ya nywele za kuongeza. Utaishia juu ya nailoni.

Kuna aina nyingine inayonitia hofu zaidi. Huanzia utosini, ikatanuka taratibu kama duara, mara nyingi kwa wanawake weusi waliovuka miaka 30. Wengine huhisi kuwasha au kuchoma, wengine hawahisi chochote. Nayo huacha kovu. Zamani lawama zote ziliwekwa kwenye pasi za nywele na dawa za kulainisha, lakini mwaka 2019 watafiti, akiwamo Profesa Ncoza Dlova wa Afrika Kusini, walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana kasoro katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda unywele. Ugonjwa huu ukiwahiwa, daktari anaweza kuuzuia usisambae. Miezi sita ya kusubiri taa nyekundu ifanye kazi ni miezi sita ya mizizi kufa.

Kisha kuna nywele zinazoanguka kwa mafungu, miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, au baada ya homa kali kama malaria au dengi. Hizo hurudi zenyewe mara nyingi. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi la shingo pia hupunguza nywele, na kipimo cha damu huvionyesha. Mapunye ya watoto yanataka dawa ya kuvu ya kunywa. Mafuta ya nazi tuliyorithi kwa bibi zetu ni mazuri kwa kuulinda unywele usivunjike, kwani hupenya ndani yake, ila hayafufui mzizi.

Kama umeonwa na daktari akathibitisha kuwa wako ni upungufu wa kurithi, hapo kifaa kinaweza kuwa na nafasi, hasa pamoja na minoksidili, dawa ya kupaka iliyoruhusiwa Marekani tangu 1988 na ambayo bei yake ni nafuu zaidi. Vifaa vya kutegemewa huuzwa kuanzia dola mia kadhaa hadi zaidi ya 1,000. Dola 500 ni zaidi ya Sh60,000. Muulize muuzaji urefu wa wimbi, na kama kifaa kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Usiitazame leza kwa macho. Ukiwa na kidonda kichwani, au unatumia dawa inayofanya ngozi iogope mwanga kama doksisaiklini, mwulize daktari kwanza. Fumua nywele na uzigawe mwanga ufike kwenye ngozi. Usitarajie kitu kabla ya miezi minne, na ujue kwamba ukiacha, faida nayo huondoka.

Wataalamu wa ngozi ni wachache pwani, lakini wapo matabibu wenye mafunzo hayo. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichoko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa Afrika Mashariki tangu 1992. Anza katika hospitali ya Malindi au ya Kilifi, eleza tatizo lako, uombe rufaa. Uende nywele zikiwa zimefumuliwa, ili aonaye aione ngozi.

Na leo jioni, dada, msusi akianza kukaza, mwambie alegeze. Ukisikia uchungu, simama, ufumuliwe papo hapo. Mtoto akilia anaposukwa, msikilize.