Feni Mpya, Lori Bado Linachemsha: Tuangalie Waya na Ethi

Baadhi ya kamati za sharika zimetuuliza kwa nini makadirio ya matengenezo ya lori la mradi yana fungu la waya, rilei, fyuzi na siku mbili za fundi umeme, ilhali feni za rejeta zimekwisha nunuliwa. Swali hili ni la haki, kwa kuwa fedha hizo ni matoleo ya washarika na michango ya wafadhili. Tumeona tulijibu kwa kirefu kidogo, maana lori hilo ndilo linalobeba saruji, mabomba ya visima na dawa za zahanati. Likisimama porini, kazi ya robo nzima husimama nalo.

Njia yetu na joto lake

Tunafanya kazi kando ya njia ile ile ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, yaani Tabora yetu, hadi Ujiji. Wapagazi walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, zaidi ya kilo 30, na waliondoka alfajiri ili jua la mchana liwakute wamekwisha tua. Upande wa mashariki wa Tura walivuka Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa ukosefu wa maji. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na siku hizi barabara kuu kutoka Manyoni ni ya lami. Lakini miradi yetu mingi haiko kwenye lami. Iko ndani, kama vile upande wa Kitunda kule Sikonge, au vijiji vya Kaliua, ambako lori lenye tani tatu hutembea kwenye mchanga kwa gia ya kwanza na ya pili.

Hapo ndipo feni inapohitajika. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, upepo wa mwendo wenyewe hupita kwenye rejeta na kuipoza. Likienda kilomita 15 kwa saa huku injini ikivuta kwa nguvu, upepo huo haupo, na kazi yote inabaki kwa feni. Tukumbuke pia kwamba Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji kwenye sufuria ya wazi huchemka yakifika nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta huzuia mvuke na kupandisha kiwango hicho hadi zaidi ya nyuzi 110. Kama mpira wa kifuniko umechakaa, maji yanaanza kuchemka wakati feni ndiyo kwanza inawashwa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote kingine, kamati iulize kama kifuniko kimepimwa. Ni kitu cha bei ndogo.

Kwa nini feni za umeme

Malori mengi madogo ya dizeli hutoka kiwandani na feni inayozungushwa na injini yenyewe kupitia klachi maalumu ya feni. Klachi hiyo ikifa, kuagiza nyingine ni gharama, na mafundi wetu wamezoea kuweka feni za umeme zilizotolewa kwenye magari madogo. Maoni yetu ni kwamba feni ya kiwandani ikiwa nzima iachwe ilivyo. Kwa lori dogo, feni mbili nzuri za umeme zinaweza kufaa kama zinafunika sehemu kubwa ya rejeta. Kwa lori la tani kumi, hapana. Halipozwi na feni za teksi.

Safari ya kwenda na ya kurudi

Umeme wa gari hutoka kwenye betri upande wa chanya, hupita kwenye feni, kisha lazima urudi kwenye betri upande wa hasi. Ili kuokoa waya, njia ya kurudi kwa kawaida ni chuma cha gari lenyewe, na hiyo ndiyo mafundi wanaiita ethi. Watu wengi huhangaikia waya wa kwenda na kusahau ule wa kurudi, ambao hufungwa kwenye bolti yoyote iliyo karibu, juu ya rangi, kutu na vumbi. Feni inazunguka, kila mtu anaridhika, na mafundi wanaondoka.

Tufanye hesabu kidogo. Feni ya wati 240 kwenye umeme wa volti 12 hutumia ampea 20. Kama fundo la ethi lina ukinzani wa omu 0.1 tu, kiasi ambacho kutu kidogo inatosha kukileta, volti 2 zinapotea hapo hapo, na bolti ile inapata joto la wati 40, sawa na balbu ya nyumbani. Feni iliyotengenezewa volti 12 inapata 10. Bado inazunguka, lakini upepo umepungua, na macho ya binadamu hayawezi kuona tofauti hiyo. Dereva ataona tu mshale wa joto ukipanda akiwa kwenye mchanga, na mtu atashauri inunuliwe feni nyingine.

Unene wa waya nao una sehemu yake. Chukulia mita 3 za kwenda na mita 3 za kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule unaotumika sana kwenye taa za nyumbani, utapoteza volti 1.4 kwa ampea 20. Waya wa milimita za mraba 6 utapoteza kama 0.35. Hiyo ndiyo sababu ya fungu la waya kwenye makadirio. Tumeomba waya mnene kwa pande zote mbili, wa kwenda na wa kurudi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Injini huunganishwa na chesi kwa mkanda wa shaba uliosukwa. Mkanda huo ukikatika au ukisahauliwa baada ya injini kushushwa, umeme wa injini hutafuta njia nyingine kupitia nyaya za breki ya mkono na za mafuta, hata kupitia maji ya rejeta, na rejeta ya aluminiamu huweza kuliwa taratibu hadi ikatoboka. Kwa hiyo tumemwelekeza fundi arudishe waya wa ethi wa feni moja kwa moja mpaka kwenye hasi ya betri, au mahali pale pale waya mkubwa wa betri ulipofungwa kwenye chesi. Rangi ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, iwekwe washa yenye meno, bolti ikazwe, kisha ndipo grisi ipakwe juu kuzuia kutu. Ethi isifungwe kwenye rejeta yenyewe.

Rilei, fyuzi na volti 24

Swichi ya joto iliyo kwenye rejeta haiwezi kubeba ampea 20 au 40, itaungua. Kazi yake ni kuamsha rilei, ambayo yenyewe hutumia ampea isiyofika nusu. Kwenye rilei utaona namba. Waya mnene kutoka betri unaingia 30, unaokwenda kwenye feni unatoka 87, na nyaya nyembamba za amri zinakaa 85 na 86. Kila feni iwe na rilei yake na fyuzi yake, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kwa feni ya ampea 20 tunaweka fyuzi ya 30, kwa sababu feni inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna ulinzi wowote, na ukichunika ukagusa chesi ni moto, tena kwenye gari ambalo mara nyingi lina madumu ya mafuta nyuma.

Malori mengi yana betri mbili na mfumo wa volti 24, ilhali feni za magari madogo ni za volti 12. Hapa ndipo fedha nyingi zimeungua. Feni ya volti 12 ikipewa 24 haidumu. Wengine huchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo huishiwa, mwenzake hujaa kupita kiasi, na ndani ya miezi michache zote mbili ni za kutupa. Wengine huunganisha feni mbili kwa mfululizo ili zigawane volti. Njia hii hukubali kama feni zinafanana kabisa, lakini moja ikikatika zote zinasimama. Sisi tumechagua feni za volti 24 na rilei za volti 24. Zinagharimu zaidi, na kwa wati zile zile zinatumia nusu ya ampea.

Kamati ikague nini

Mjumbe hahitaji kuwa fundi ili kupokea kazi hii. Injini ikiwa inanguruma na feni zinazunguka, mwombe fundi aweke ncha moja ya mita ya umeme kwenye waya wa hasi wa feni na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Mita ikionyesha chini ya volti 0.3 ethi ni nzuri. Ikionyesha volti 1 au zaidi, kazi irudiwe kabla ya kulipwa. Halafu shika karatasi mbele ya rejeta. Inatakiwa ivutwe kuelekea injini. Ikisukumwa mbele, nyaya za feni zimegeuzwa, na feni inapigana na upepo wa mwendo.

Tumeomba pia swichi moja ndani ya kebini ili dereva azime feni anapovuka maji wakati wa masika. Feni ikipiga maji inaweza kukunja mapanga yake na kukwaruza rejeta. Swichi hiyo iwe na taa ndogo ya kumkumbusha kuwasha tena akifika ng'ambo.

Kipimo cha ethi kirudiwe kila mwezi wa Mei, mvua zikiisha, kwa sababu tope la mbugani huingia kwenye mafundo na kuacha kutu. Matokeo yaandikwe kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na jina la fundi, na nakala iletwe ofisi ya miradi pamoja na taarifa ya robo.